Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tumbo la hedhi na maduka yetu ya dawa

Daktari, salaam.

Tumbo la hedhi, huku Ngamiani na Makorora, haliendi hospitali. Linaishia duka la dawa, tena kwa sauti ya chini, maana pembeni wapo wanaume wanasubiri dawa ya kikohozi. Msichana anasema "nipe za tumbo", anafungiwa panadol mbili, anaondoka. Hajaulizwa lolote.

Huyo aliyemfungia ndiye mtaalamu wa kwanza kumwona, na mara nyingi wa mwisho. Maumivu haya kwa kawaida huletwa na prostaglandini, kemikali zinazoubana mji wa mimba. Ibuprofeni huzuia zisitengenezwe, ndiyo maana wengi huwafaa kuliko panadol. Ila inataka kuwahiwa: imezwe maumivu yanapoanza, baada ya kula, irudiwe kwa saa zake siku 2 au 3. Wengi humeza kimoja tumbo likishachachamaa, halafu dawa inaonekana feki. Na kabla ya kuitoa lazima aulizwe: una vidonda vya tumbo? Pumu? Figo? Huenda una mimba? Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia kweli, lakini haina faida dukani, sijui kama ndiyo sababu haitajwi.

Linaloniudhi zaidi ni duka ambalo kila tumbo la mwanamke ni UTI, na kila UTI ni antibayotiki. Tumbo la hedhi halitibiwi hivyo.

Wafamasia tunao, na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu hupewa mafunzo. Mpango huo ulianzia Ruvuma mwaka 2003. Naomba wakaguzi wako, wakishatazama vibali na dawa zilizopitwa na muda, waulize pia: mteja wa tumbo la hedhi unamhoji vipi, na unamhojia wapi?

Kisha kiwepo kikaratasi cha rufaa. Anayelowesha pedi kila saa, anayeumwa hata nje ya siku zake au wakati wa tendo la ndoa, ambaye dawa imeshindwa miezi 3 mfululizo, asiuziwe nyingine. Aandikiwe kwenda kituo cha afya, ikibidi hospitali ya mkoa, Bombo. Huenda ana uvimbe kwenye kizazi, au endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria humpata takribani mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa.

Na popote atakapofika asiambiwe "ukizaa litaisha". Mtoto wa kidato cha pili azae na nani, Daktari?

Mwalimu mlezi wa wasichana,
Tanga