Mhariri, msikate jina la mchoraji

Mhariri, habari za kazi. Mimi naendesha galari ndogo ya picha hapa Dar, mwaka wa tisa huu, na leo nawaandikia kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuja wiki iliyopita na kipande cha gazeti lenu amekikunja mara nne mfukoni. Akakifungua taratibu juu ya meza. Ni chui aliyemchora yeye, nyie mmemtumia kupambia habari ya utalii, chini mmeandika "Tingatinga" basi, alafu kona ya kulia anapowekaga saini yake mmeikata. Hakugomba, alinionyesha tu kwa kidole pale jina lilipotakiwa liwepo.

Jamani, kabla ya kuwa jina la mtindo wa kuchora, Tingatinga alikuwa mtu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, yani miaka kama minne tu ya kuchora. Wachoraji wa mtindo huo tunaowaona leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, wengi ni wanafunzi wa wanafunzi wake na kila mmoja ana mkono wake, yupo wa vidoti vidogo vidogo mpaka kwenye kope za mnyama, yupo anayelaza rangi mbili za mbingu zikaingiliana huoni zilipokutana, ukikaa na picha zao sana unamjua mtu kabla hujasoma jina.

Watu wanadhani ukurugenzi wa galari ni kukaa kwenye kiyoyozi unapokea wageni. Kazi yangu kubwa ni nyundo na pimamaji, masika ikiingia nafuta ukungu nyuma ya fremu, na kitu ambacho simwachii mtu mwingine ni ile kadi ndogo pembeni ya picha, jina la mchoraji, mwaka, rangi aliyotumia, vipimo. Isipokuwepo mteja anauliza "hiyo tingatinga bei gani" na anataka bei ya barabarani. Ikiwepo, anarudi mwakani anamuulizia yule yule kama ana kazi mpya, na hapo ndo mchoraji anapata kodi ya nyumba na ada ya watoto.

Sheria ya hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa, ila sikuja kuwatishia na sheria, gazeti lenu nalisoma kila siku na nalipenda. Naomba mstari mmoja tu chini ya picha. Kama jina hamlijui angalieni kona ya chini, mara nyingi lipo pale kwa brashi nyembamba.

Na huyu kijana nimemuahidi nitawaomba: mchapisheni tena yule chui, mzima, na kona yake.

Mkurugenzi wa galari,
Dar es Salaam