Kwa mdogo wangu Bakari, kuhusu ile sauti ya Hamisi

Burnaby, British Columbia

Mdogo wangu Bakari,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Pesa za dawa za mama nimetuma Ijumaa kwa njia ile ile. Mwambie ndugu yetu Mwanaidi aende kwa wakala asubuhi, kabla wakala hajaishiwa pesa. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya mchana na sasa analala kama watu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utacheka, utaniambia "dada, hao ni watoto," kisha tutahamia kwenye bei ya mchele. Hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Ni ile sauti mwanao Hamisi aliyoirekodi na kuiweka kwenye kundi la ukoo la simu siku ya Idi. Anamwita Jumaa wa Mwanaidi shoga, anasema kazi yake kukaa jikoni na wanawake, na wenzake wanasikika nyuma wakiangua kicheko. Watu wazima wakaisikiliza, wakaweka vikatuni vya kucheka, na wewe ukiwemo. Kesho yake Jumaa akajitoa kwenye kundi. Mwanaidi hajaniambia neno, unamjua, atameza. Nikampigia mtoto mwenyewe. Alinyamaza sana, halafu akaniambia kwamba jina hilo limeshafika shuleni, maana waliokuwa wakicheka kwenye ile sauti anasoma nao. Siku hizi haendi chooni wakati wa mapumziko. Anasubiri vipindi vianze ndipo aombe ruhusa, ili asiwakute huko. Mtoto wa kidato cha pili, Bakari, anapanga saa za kwenda haja kwa kuogopa wenzake.

Najua utasema dada amekaa kwa Wazungu amegeuka. Huku nako matusi hayo yamejaa. Kiatu kibaya ni gei, yaani shoga, kazi ya hesabu ni gei, mwenzao akikosa goli ni gei. Hapa Edmonds tunakoishi Waafrika wengi, watoto wanayatupa kwa Kiingereza, na wa kwetu wanayaongeza kwa Kiswahili wakijua mwalimu haelewi. Mwaka 2011 shirika la Egale, linalotetea haki za mashoga, lilitoa matokeo ya kuwauliza wanafunzi zaidi ya 3,700 wa Kanada nzima. Kati yao 70% walisema husikia maneno ya namna hiyo shuleni kila siku. Kila siku, katika nchi ambayo sheria yake inawalinda mashoga na hata ndoa zao inazitambua.

Kuna kesi moja ya ng'ambo ya daraja tu kutoka hapa, North Vancouver. Azmi Jubran alianza shule ya sekondari ya Handsworth mwaka 1993, na tangu mwaka wa kwanza wenzake wakamshikia matusi ya ushoga. Miaka mitano, siku nenda siku rudi. Matusi yakaleta mate, mate yakaleta mateke, ikafika mahali shati lake likaunguzwa. Shule haikukaa kimya kabisa. Iliwaita watukanaji mmoja mmoja, huyu akaonywa, yule akaadhibiwa, na baada ya muda wakaanza wengine. Jubran hakuwa shoga. Na wale waliomtukana, walipoulizwa, walisema hata wao hawakudhani kwamba ndiye.

Akashtaki. Mwaka 2002 baraza la haki za binadamu la jimbo likampa ushindi. Bodi ya shule ikapinga, na mwaka 2003 jaji akasema kwamba kwa kuwa kijana si shoga, na waliomtukana hawakuamini kuwa ni shoga, basi hakubaguliwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo. Ikasema haijalishi yeye ni nani wala wenzake walidhani ni nani. La kutazamwa ni alichotendewa, na shule ilikuwa na wajibu wa kumpa mahali pa kusoma pasipo mateso hayo. Bodi ikataka kwenda Mahakama Kuu ya Kanada, ikanyimwa ruhusa.

Nimekusimulia kirefu kwa ajili ya yule jaji wa 2003, kwa sababu hoja yake ndiyo yako. Nakusikia toka hapa: "Hamisi mwenyewe anajua Jumaa hayuko hivyo, ni utani tu wa mabinamu." Basi kama anajua, neno hilo analitumia kufanya nini? Analitumia kumwambia mwenzake kwamba mvulana anayependa kupika, anayesema kwa sauti ya chini, aliyelia waziwazi kwenye maziko ya babu yake, si mvulana. Na wale wote wanaocheka nyuma wanajifunza hapo hapo wasipike, wasilie, wasishike mkono wa rafiki, lisije likawageukia wao. Hamisi naye amejifunza. Sauti anayoitumia kwenye kundi siyo ile aliyokuwa akiniimbia nayo kaswida kwenye simu.

Na ukiniuliza, je, kama Jumaa kweli yuko hivyo? Nitakujibu bila kuzunguka. Bado ni mtoto wa Mwanaidi, na wewe bado ni mjomba wake. Kwetu mtoto akikosa pa kukimbilia hukimbilia kwa mjomba. Sasa huyu ameshasikia mjomba akicheka. Siku akipatwa na jambo zito, la aina yoyote, atampelekea nani?

Utaniletea dini, nami nakuheshimu kwa hilo, tumelelewa chuo kimoja. Soma Sura ya al-Hujurat, aya ya 11. Inawakataza waumini kudharauliana, huenda anayedharauliwa akawa bora kuliko wao, na inakataza watu kuitana kwa majina ya kejeli. Sijaona hapo mlango ulioachwa wazi kwa vijana wanaotaniana.

Na huko nyumbani neno hilo ni zito kuliko huku. Kwa tendo hilo sheria ya Tanzania inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Unakumbuka Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Serikali ilisema hayo ni maoni yake mwenyewe, lakini watu walishajificha. Ile sauti ya Hamisi ina jina la Jumaa ndani yake, na sauti husambazwa. Mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha huu utamtoka asiyeanza mzaha.

Hamisi si mtoto mbaya, na ndiyo maana sijakata tamaa naye. Mwaka 2007 huko Nova Scotia, jimbo jingine la Kanada, mtoto wa darasa la 9 alikwenda shule mpya na fulana ya rangi ya waridi, wakubwa wakamwita shoga na kumtishia kipigo. Vijana wawili wa darasa la 12, David Shepherd na Travis Price, wakaenda dukani wakanunua fulana 50 za waridi, wakawaarifu wenzao usiku kwa intaneti, na asubuhi wakazigawa mlangoni. Mamia walikuja wamevaa rangi hiyo. Sasa kila Februari huku shule na ofisi zinavaa waridi, na maduka yanauza fulana. Mimi hayo ya maduka hayanigusi. Kinachonigusa ni kwamba waliosimama walikuwa vijana wakubwa wenye sauti shuleni, wa aina ya Hamisi hasa.

Kwa hiyo usimchape, nakusihi. Ukimchapa, Jumaa ndiye atakayelipa shuleni. Kaa naye mwenyewe, bila mama yake, umwambie kuhusu kile choo. Naamini hajui. Kisha mfuatane mpaka kwa Mwanaidi, Hamisi aseme na Jumaa uso kwa uso, na wenzake wa shule awakataze yeye, maana kwake watasikia kuliko kwa mwalimu wa nidhamu. Na kwa kuwa kicheko chako ulikiweka mbele ya ukoo mzima, neno lako nalo liandike pale pale, hata likiwa fupi. Wengine watanyamaza, lakini watalisoma. Halafu Jumaa arudishwe kwenye kundi na wewe, siyo na mimi niliye mbali.

Nitakupigia Jumapili asubuhi ya huku, huko itakuwa baada ya magharibi. Nataka nisikie ulimwambia Hamisi nini, na yeye alikujibu nini.

Dada yako,
Mwanamkuu