Kibanda cha kioo hakiondoi mawingu

Mhariri,

Makala yenu ya utalii ilivisifu vibanda vya kioo vya Lapland, kaskazini mwa Ufini, ambamo mgeni hulala chali akisubiri mianga ya kaskazini, yaani nuru za rangi zinazoonekana angani usiku, lakini haikugusia mawingu. Mianga hiyo, itokanayo na chembe za jua zinazogonga oksijeni na nitrojeni takriban kilomita 100 juu ya ardhi, hutokea juu mno ya mawingu, kwa hiyo wingu likitanda, bei ya chumba haisaidii kitu. Mwenye uwezo wa nauli hiyo (nasi si wengi) afadhali apange chumba cha kawaida mjini Tromsø, Norwei, alipe dereva anayefuatilia utabiri wa hali ya hewa hadi penye anga jeupe, tena akae usiku kadhaa. Juni asiende kabisa: jua halizami.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam