Boksi la simu lioneshe tarehe ya mwisho ya masasisho ya usalama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo mijadala yetu ya usalama wa mtandao hulipita kila mara. Mwananchi huambiwa asitaje namba yake ya siri, asifungue viungo asivyovijua, na asiujibu ujumbe wa tapeli anayemwambia "ile hela tuma kwenye namba hii". Hayo yote ni kweli, nami huyarudia kwa wateja wangu hapa Dodoma. Hata hivyo yote yanamtaka mwananchi awe mwangalifu, ilhali ndani ya simu yake kuna udhaifu ambao uangalifu hauwezi kuuziba, kwa sababu umekaa chini kabisa, mahali ambapo yeye hafiki.

Nazungumzia viendeshi, yaani zile programu zinazouunganisha mfumo endeshi (kama Android au Windows) na kamera, skrini, chipu ya picha, Wi-Fi na sehemu nyingine za kifaa. Kiendeshi kwa kawaida hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu yake ya ndani kabisa inayotawala kifaa kizima, na humo kinaweza kusoma na kuandika karibu popote katika kumbukumbu. Programu ya kawaida ikikosea, mfumo huifunga na kazi nyingine zikaendelea. Kiendeshi kikikosea, hakuna aliye juu yake wa kukizuia. Na viendeshi hukosea sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliouchunguza msimbo wa mfumo endeshi wa Linux walionesha mwaka 2001 kwamba kiwango cha makosa katika viendeshi kinaweza kufikia mara tatu hadi saba ya kile cha sehemu nyingine za kiini.

Makosa yanayotisha zaidi ni ya kumbukumbu. Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo iliyotumika kuandika kiini cha Linux, ambacho ndicho kiini cha Android, na sehemu kubwa ya kiini cha Windows. Lugha hiyo humwachia mwandishi wa programu kazi yote ya kuomba nafasi katika kumbukumbu, kuchunga mipaka yake na kuirudisha akimaliza. Asipochunga mpaka, programu husoma au kuandika mahali pasipo pake. Akiirudisha nafasi lakini sehemu nyingine ya programu ikaendelea kuitumia, hali huwa kama ya nyumba ya wageni hapa mjini wakati wa Bunge la Bajeti: mgeni ameaga, chumba kimepewa mwingine, lakini ufunguo wa kwanza haukurudishwa, na mwenye nao anaweza kuingia akakuta mizigo isiyo yake. Mdukuzi hulitumia kosa hilo kwa makusudi. Huijaza nafasi iliyoachwa kwa data aliyoiandaa yeye, kisha husubiri kiendeshi kiitumie kikidhani ni ile ya zamani, na kwa njia hiyo hujipatia mamlaka ya kiini chenyewe.

Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takribani asilimia 70 ya udhaifu inaourekebisha kila mwaka unatokana na makosa ya kumbukumbu. Mwaka huohuo ulitokea mfano ambao, kwa maoni yangu, kila muuza simu nchini angepaswa kuusoma. Ndani ya kiini cha Android kuna kiendeshi kiitwacho Binder, ambacho hupitisha ujumbe kati ya programu moja na nyingine. Kilikuwa na kosa la aina hiyohiyo ya ufunguo usiorudishwa. Kosa lilikuwa limegunduliwa na kurekebishwa katika Linux mapema mwaka 2018. Lakini Oktoba 2019 watafiti wa Google walitangaza kwamba lingali wazi katika simu kama Pixel 2, Galaxy S8 na Redmi 5A, na kwamba kulikuwa na dalili za wadukuzi kulitumia. Dawa ilikuwapo kwa zaidi ya mwaka mzima, haikuwafikia wagonjwa. Oktoba 2023 kampuni ya Arm, inayobuni chipu, nayo ilitangaza udhaifu wa namna hiyo katika kiendeshi cha chipu zake za picha ziitwazo Mali, ikisema kuwa kuna dalili unatumika katika mashambulizi. Chipu hizo zimo katika simu nyingi za bei nafuu, zikiwemo zinazouzwa hapa kwetu.

Atauliza mtu: mdukuzi ataingiaje simuni? Mara nyingi huanza na programu ambayo mwenye simu ameipakua mwenyewe, kwa mfano programu ya mikopo ya haraka aliyotumiwa kwa WhatsApp. Wengi hudhani kwamba wakiinyima ruhusa ya kuona majina na ujumbe, basi wao wako salama. Katika simu yenye kiini kilichotoboka ruhusa hiyo haina maana tena, kwa kuwa programu iliyokwisha kukiteka kiini haiombi ruhusa kwa mtu.

Si lazima awepo mdukuzi ndipo hasara itokee. Julai 19, 2024 kiendeshi cha kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike kilisoma kumbukumbu nje ya mpaka, na kompyuta za Windows takribani milioni 8.5 zikazimika duniani, ndege zikakwama na hospitali zikaahirisha huduma.

Tiba ya kudumu inajulikana. Lugha ya Rust hukagua matumizi ya kumbukumbu kabla programu haijaanza kufanya kazi. Iliingizwa katika Linux toleo la 6.1 Desemba 2022, na Google imekwisha kukiandika Binder upya kwa lugha hiyo. Kwa hesabu za Google, sehemu ya udhaifu wa kumbukumbu katika udhaifu wote wa Android ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. Ningependa vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma, viifundishe kwa uzito. Lakini simu zilizomo mifukoni leo zina viendeshi vya C, na kinachozilinda ni masasisho peke yake, yaani marekebisho ambayo mtengenezaji huyatuma simuni.

Ndiyo maana naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo tayari huidhinisha vifaa vya mawasiliano, imtake kila mwingizaji atamke tarehe ambayo masasisho ya usalama ya modeli yake yatakoma, na tarehe hiyo iandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili. Uingereza imelazimisha kutajwa kwa muda huo tangu Aprili 29, 2024. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu Juni 20, 2025 simu zinazoingizwa katika soko lake zinatakiwa kuendelea kupata masasisho kwa miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sisi tunao uzoefu wetu. Simu bandia zilipozimwa Juni 2016, wananchi walifundishwa kubonyeza *#06# na kuituma namba ya utambulisho wa kifaa (IMEI) kwenda 15090, wakajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu la namna hiyo likiongezewa mstari mmoja wenye tarehe, hata mnunuzi wa simu ya mtumba atajua anachokinunua.

Najua watakaosema kwamba sharti hili litapandisha bei. Sijaomba simu ghali zipigiwe debe wala simu nafuu zizuiwe. Nimeomba tarehe iandikwe, na wino wa tarehe hauongezi gharama. Ofisi za Serikali zilizohamia hapa nazo ziliweke sharti hilo katika zabuni zao za simu na kompyuta, hasa sasa ambapo Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Wakati tukisubiri, msomaji mwenye simu ya Android afungue mipangilio, aende mahali palipoandikwa kuhusu simu, kisha toleo la Android, aitazame tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa imepita zaidi ya mwaka, namshauri aihamishie laini ya pesa kwenye kitochi na kufanya miamala kwa menyu ya nyota na reli, na asiweke programu ya benki katika simu hiyo.

Fundi wa simu na kompyuta,
Majengo, Dodoma