Kabla hatujawaambia wanawake waache kutafuta ajira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaojirudia kila vyuo vinapofunga mwaka, ule wa kuwataka wanawake, hasa wahitimu, waache kuzunguka na bahasha za kaki na badala yake waanzishe biashara majumbani mwao. Siupingi ushauri huo, kwa kuwa hapa Tabata ninapoishi wapo kinamama waliosomesha watoto kwa vitumbua na sambusa, na wapo waliojenga. Ninacholalamikia ni kwamba ushauri hutolewa bila hesabu, na mara nyingi na watu ambao biashara yao wenyewe ni kuuza tiketi za semina za ujasiriamali.

Tuchukue maandazi, maana ndiyo biashara ya kwanza kutajwa. Mama anayekanda kilo 5 za unga wa ngano huamka saa 9 usiku, na ikifika saa 12 asubuhi ana maandazi kama 130 ya kuuza kwa shilingi 200 kila moja, yaani shilingi 26,000 yakiisha yote. Akishatoa gharama ya unga, sukari, mafuta, hamira, iliki na mkaa, hubakiwa na shilingi 4,000 au 5,000 hivi. Huambiwa kuwa hiyo ndiyo faida, ilhali ndani yake hakuna ujira wake, hakuna ujira wa binti anayemsaidia kusukuma na kukata, wala hayajahesabiwa yale maandazi waliyonywea chai watoto wa nyumbani. Kuna pia wateja wa "nitakulipa mwisho wa mwezi", ambao ni majirani na mawifi, na kuwanyima ni kujitafutia ugomvi. Baba naye akikosa nauli anajua kibubu kilipo. Biashara nyingi za namna hii hufa huku wateja wakiwa bado wanagonga mlango, kwa sababu mtaji umeliwa kidogo kidogo na nyumba yenyewe.

Anayechagua keki, juisi au barafu za ubuyu hukutana na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mteja mdogo wa nyumbani, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Oveni na friji vikishamhamishia kundi la juu, hutozwa shilingi 292, na bei hiyo haiishii kwenye oveni bali humfuata hadi kwenye taa ya chumbani na pasi ya sare za shule. Kama ni mpangaji anayechangia mita na wenzake, kikao cha wapangaji hakikawii kuitishwa.

Wazazi wenzangu tuna tabia ya kumwita mvivu binti mwenye stashahada ya uhasibu ambaye mwaka wa pili huu anaendelea kupeleka maombi ya kazi. Huenda amepiga hesabu kuliko sisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, wakati mwenye karai la maandazi akijifungua jiko linazimika, na akirudi anakuta wateja wamehamia nyumba ya pili. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hupokea wanachama wa hiari waliojiajiri, lakini katika semina nilizohudhuria sijasikia hata moja ikilitaja jambo hilo. Muda wote ulikwenda kwenye kuthubutu na kukamata fursa.

Kuhusu mtaji, halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro zilizoibuliwa na ukaguzi, ikarejeshwa mwaka 2024. Hutolewa kwa vikundi, ilhali biashara za nyumbani kila mtu anazo jikoni kwake, na ndiyo maana tunaona vikundi vinavyoundwa wiki ya kujaza fomu na kusambaratika fedha zikishagawanywa. Asiye na kikundi huishia kwenye mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu, akiacha televisheni au kadi ya benki kama dhamana ya fedha za mfuko mmoja wa unga.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya fungu hilo la wanawake itumike kuandaa jiko la pamoja katika kila kata, lenye maji, meza za kufanyia kazi, oveni na mita yake ya umeme, ambalo vikundi vitalikodi kwa zamu za saa. Kikundi kitakachokuwa na jiko la namna hiyo kitakuwa na kazi ya pamoja inayokishikilia, na jengo litakuwa limekaguliwa mara moja kwa niaba ya wote, jambo ambalo jiko linalopikiwa pia ugali wa familia halilipati kirahisi. Kutoka hapo mwanamke anaweza kuomba alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, kwa barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, huduma ambayo wajasiriamali wadogo huipata bila malipo mwanzoni, na bidhaa yake ikaingia supermaketi badala ya kuishia kwa jirani anayekopa.

Katika kata nyingi majengo hayakosekani; yapo masoko yenye vizimba visivyopangishwa na ofisi zilizogeuzwa stoo. Madiwani wetu waulizwe, bajeti ijayo itakapoandaliwa, ni chumba kipi katika kata zao kinaweza kuwekwa bomba, umeme na oveni mbili.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam