Huyo dalali wako wa Iyumbu

Kibada, Kigamboni

Mama Nuru mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, joto tu ndilo linatutesa. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye pantoni, nikaurudia usiku baba watoto naye asikie. Alicheka mpaka akakohoa. Hakukucheka wewe. Huyo dalali wa kiwanja unachotaka kununua Iyumbu, huko kwenu Dodoma, anayekwambia "kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela mkononi" sisi tunamjua, ingawa hatujawahi kumtia machoni. Wetu naye alikuwa na mteja wake wa jioni. Kila tukiuliza habari za karatasi, mteja anakaribia. Tukisema basi mpe huyo mteja, haonekani tena.

Umeniuliza kama umwache utafute mwingine. Mimi naona usimwache. Huyo mwingine atakuwa yule yule kabadilisha shati, na kiwanja chenyewe umeshakipenda. Wetu alitusumbua kweli, lakini bila yeye tusingekijua kiwanja hiki, maana mwenyewe hakuweka kibao wala hakutangaza popote. Cha kuangalia ni anakula wapi. Dalali anakula siku unapotoa hela. Hati ikija kusumbua baadaye, yeye ameshakula na kusahau. Ndiyo maana ana haraka, na ndiyo maana ukimwambia habari za upekuzi, yaani kuangalia ofisi ya ardhi kiwanja ni cha nani na kama kina deni, anakuona kama unamkalia kooni. Basi mhamishie sahani yake. Iweke mwisho wa njia, pale unapotaka wewe kufika, uone kama hatakusindikiza mwenyewe.

Ngoja nikwambie tulivyofanya sisi.

Namba ya mwenye kiwanja alitunyima kabisa. Leo mzee yuko safari, kesho mzee hapendi kuongea na wateja, keshokutwa mzee kamkabidhi yeye kila kitu. Bei akatutajia milioni 40, "ya mwisho kabisa, dada yangu, nimewaombea." Baba watoto hakubishana naye. Alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa akauliza kile kiwanja ni cha nani, wakamtajia jina, kisha akapita kwa mama anayekaanga vitumbua ng'ambo ya barabara. Yule mama ndiye alikuwa na namba ya mzee, maana mzee humpigia kumuuliza kama kuna watu wanamwaga takataka kwenye kiwanja chake. Safari yenyewe haikuwepo. Mzee yuko Mbagala, na bei yake ilikuwa milioni 32.

Hizo nane ni cha juu, hela anayojiongezea dalali juu ya bei ya mwenye mali, na juu ya hicho cha juu bado alitaka udalali, kwetu na kwa mzee pia.

Hapa ndipo shemeji yangu alitushauri tumruke. Namba mnayo, si mmalizane na mzee? Sikukubali. Kwanza jasho lake lipo, ametutembeza juani. Na dalali aliyerukwa hana cha kupoteza: atakwenda kwa mzee amwambie nyie matapeli, au atatafuta mteja kweli safari hii, au siku mnaanza msingi atakuja na watu wake kudai. Tulimwita, yeye na mzee, tukakutana kwa wakili. Tukamwambia mbele ya wote: bei ni 32, cha juu hakipo, udalali wako upo, na utakuwa kiasi hiki. Akanuna. Akatukumbusha mafuta ya pikipiki, vocha, na mvua iliyomnyeshea Kisota. Wakili akayaandika makubaliano yake kwenye karatasi ya peke yake: nusu siku ya kusaini mkataba, nusu siku hati inatoka kwa jina letu. Alisaini huku akisema toka aanze kazi hii hajaona wateja wagumu kama sisi.

Mama Nuru, tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Aliyekuwa anaficha namba ya mzee ndiye sasa anampigia mzee asubuhi kumkumbusha aende TRA kwa mambo ya kodi. Kuna siku mzee alisahau kitambulisho, dalali akampakia kwenye pikipiki wakakifuata Mbagala wakarudi kabla ofisi haijafungwa. Na wala hakutudai mafuta!

Lakini kabla ya kufika huko kuna mambo ambayo usimwachie dalali hata awe mtakatifu. Mipaka, kwa mfano. Wetu alisimama katikati ya majani akanyoosha mkono: "Kinaanzia mnazi ule, kinakwenda mpaka mwarobaini ule, hapa mita za mraba 800 na ushee." Nikamwomba anionyeshe bikoni, zile alama za mipaka za wapimaji. Akagusa udongo kwa ncha ya kiatu, "ziko hapa hapa chini, mama, majani tu yamefunika." Mtoto wa yule mama wa vitumbua akaleta panga, tukafyeka. Bikoni ya kwanza tuliipata, kipande cha zege na chuma katikati, namba yake bado inasomeka. Ya pili ikaonekana hatua kadhaa kabla ya kuufikia mwarobaini. Mwarobaini wenyewe uko kwenye hifadhi ya barabara. Kwenye ramani ya upimaji kiwanja ni mita za mraba 640. Bado kinatutosha, lakini ni 640. Namba za bikoni zipige picha, umpe mpimaji aliyesajiliwa alinganishe na ramani. Hela yake inauma, lakini kuvunja ukuta kunauma zaidi.

Upekuzi nao ufanye mwenyewe au umtume wakili wako, si wakili wa dalali. Unakwenda ofisi ya ardhi na namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, unalipia kwa kontroli namba, ile namba ya malipo ya serikali wanayokupa, unaletewa jibu la maandishi: nani mmiliki, kuna rehani ya benki au hakuna, kuna zuio au hakuna. Hiyo kontroli namba uilipe kwa simu yako. Wetu alitaka tumrushie yeye "atamalizana nao kule ndani." Na usijipe moyo kwa kuwa eneo limepimwa. Huku Kibada ni eneo la ule mradi wa viwanja 20,000, vimepimwa vizuri kabisa, na bado mtu anaweza kuwa amekopea hati yake benki huku anakuuzia wewe fotokopi. Kwenu Dodoma angalia na karatasi za CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa ikigawa viwanja. Ile mamlaka ilivunjwa 2017 kazi zake zikaenda halmashauri, sasa mtu akikutolea karatasi ya zamani yenye muhuri wa CDA usiishie kuusifia muhuri. Ipeleke halmashauri ya Jiji, waangalie kama hicho kiwanja bado kinasoma jina lake.

Halafu kuna hili la bei ya kwenye mkataba, lazima atakuja nalo. Wetu alimshika baba watoto begani: "Tuandike 15, kodi inakuwa ndogo, wote tunafaidi." Hao wote ni akina nani? Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, kwa kawaida asilimia 10 ya faida aliyopata. Mnunuzi ukikubali kuandika 15 umemsaidia yeye ukajiumiza mwenyewe. Mkigombana mkaenda mbele ya sheria, utakachoweza kuonyesha kwa maandishi ni 15. Na siku ukiuza wewe, faida yako itahesabiwa kuanzia hiyo 15. Isitoshe kuna ripoti ya mthamini, na thamani yake haisubiri mkubaliane nini kwa dalali. Tuliandika 32, tukaandika na nani analipa nini, maana usipoandika utashangaa kodi ya muuzaji imehamia kwako.

Na mke wa mzee. Dalali alisema mama hana neno, mambo ya familia tuwaachie wenyewe. Wakili akasema yeye hagongi muhuri mpaka mama aje na miguu yake asaini ridhaa. Akaja, kavaa vizuri, mpole, akasoma kila ukurasa, akauliza hela inaingia akaunti ya nani. Mzee akaanza kueleza. Mama akarudia swali lile lile. Tulikaa kimya sote, hata dalali, mpaka wakakubaliana wao. Akasaini. Bila yule mama pale, ningekuwa na hati leo na kesi keshokutwa.

Kwa hiyo huyo wako asikutishe. Kianzio anachokililia usimpe mkononi wala kwenye simu. Mwambie uko tayari kulipa, ila kwenye akaunti ya benki yenye jina la mwenye hati, baada ya upekuzi, na mkataba ukiwa mezani. Usimtukane, usimpandishie sauti. Mwite kaka, mnunulie soda, umwambie udalali wake uko pale pale na utaandikwa. Akikataa kukukutanisha na mwenye mali hata baada ya hapo, basi huyo hana mwenye mali, muage kwa amani.

Nitumie namba ya kiwanja na kitalu ukizipata. Wakili wetu anasema anaye mwenzake hapo Dodoma, mwanamke, hacheki na mtu, nitakupa namba yake. Kuhusu kukopa SACCOS ili uwahi, ongea kwanza na Baba Nuru. Usikope kwa sababu ya mteja wa jioni.

Msalimie Nuru, mwambie nimeona picha za mahafali, kapendeza. Zabibu ulizosema utampa kondakta bado hazijafika.

Wako,
Mama Salma