Risala ya Kikundi cha Gofu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa niaba ya wanakikundi 23 wa gofu, tunakushukuru kwa kuja. Tunajua wengi hapa wanangoja fainali ya mpira wa miguu, na sisi tumepewa dakika chache kabla yake. Tunaomba utusikilize.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wetu tuliujua mchezo huu tukiwa na mfuko wa mtu mwingine begani. Jumamosi na sikukuu tunakwenda uwanjani kufanya ukedi, yaani kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Tunatembea mashimo 18, tunasaka mipira kwenye majani marefu, tunapiga magoti kutazama mteremko wa grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, na kumwambia mwenye mfuko mpira utapindia wapi. Kazi ikiisha tunapewa ujira wetu, tunarudi nyumbani. Kupiga wenyewe haturuhusiwi. Kwa hiyo risala hii haitataja mabingwa wote wa gofu. Tumewachagua walioanzia hapa tulipo sisi.

Wa kwanza ni Francis Ouimet. Alikulia Brookline, Massachusetts, nchini Marekani, katika nyumba iliyotenganishwa na uwanja wa The Country Club kwa barabara tu. Utotoni alikuwa kedi katika uwanja huo. Mwaka 1913 mashindano ya wazi ya Marekani, yanayowapokea wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, yakaletwa hapohapo, na kutoka Uingereza wakaja vigogo wawili: Harry Vardon, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza mara 5, na Ted Ray, aliyeutwaa mwaka 1912. Ouimet alikuwa na miaka 20, mchezaji wa ridhaa. Baada ya raundi nne wote watatu walikuwa na mikwaju 304. Kesho yake wakarudi kucheza mashimo 18 zaidi, mvua ikinyesha. Ouimet alimaliza kwa mikwaju 72, Vardon 77, Ray 78. Katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, basi Ouimet akawa bingwa.

Aliyembebea mfuko siku hiyo ni Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10. Wapo waliotaka Ouimet apewe kedi mtu mzima, akakataa. Picha yao ipo hadi leo: wanatembea pamoja, na mfuko unakaribia kumzidi Eddie kimo. Tumeichapisha na kuibandika kwenye mlango wa stoo yetu ya vifaa.

Wa pili ni Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, Mwafrika Kusini mwenye asili ya India. Naye alikuwa kedi, mjini Durban. Alijifunza peke yake, akaishika fimbo kinyume na watu wote: mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Kwa mshiko huohuo akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Kwao, sheria za ubaguzi zilimzuia asiingie jengo la klabu. Mwaka 1963 alipotwaa ubingwa wa wazi wa Natal, jimbo la Afrika Kusini, katika uwanja wa Durban Country Club, alikabidhiwa kombe nje, kwenye mvua, wenzake wakiwa ndani. Miaka miwili baadaye akashinda tena mashindano hayo, akimwacha nyuma Gary Player, bingwa mzungu wa nchi hiyohiyo. Baada ya hapo serikali ikamfungia milango ya mashindano makubwa ya nchi yake.

Habari hii tuliisoma kwa uchungu, Mheshimiwa. Masika iliyopita, katika uwanja mmoja, mvua ilikatiza raundi. Mifuko iliingizwa barazani. Sisi makedi tulibaki chini ya mwembe mpaka ikakatika.

Seve Ballesteros wa Hispania naye alikuwa kedi, kijijini Pedreña, akijifunzia ufukweni kwa fimbo ya chuma namba 3. Majirani zetu wa Kenya walimwona mapema: alishinda Kenya Open mwaka 1978, uwanja wa Muthaiga, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa wazi wa Uingereza akiwa na miaka 22.

Na kila anayemsifu Tiger Woods, mchezaji mweusi wa kwanza kushinda Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu yanayochezwa Marekani, kwa ushindi wake wa mwaka 1997, kwa tofauti ya mikwaju 12, tunamwomba amkumbuke pia Charlie Sifford. Huyu, Mmarekani mweusi, alianza kwa ukedi huko North Carolina, na hadi mwaka 1961 chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani kilikuwa na kifungu cha kuwakubali wazungu tu. Sifford alishinda mashindano mawili ya msururu mkuu wa wachezaji wa kulipwa wa Marekani, 1967 na 1969, lakini Masters hakualikwa hata mara moja. Mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters ni Lee Elder, mwaka 1975. Naye alipata kuwa kedi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina fimbo sita. Iliyo nzuri kuliko zote ni chuma namba 7, ambayo mpira wa mpini wake ulipasuka, tukauzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mashimo yetu ni makopo ya rangi tuliyoyafukia pembeni mwa uwanja wa mpira. Wasichana ni tisa, na ndio wanaoongoza kwa kulenga shimo.

Tunaomba mambo matatu. Utusaidie kuzungumza na viongozi wa uwanja ili makedi wanafunzi waruhusiwe kucheza mchana mmoja kwa wiki, hata Jumatatu ambapo wachezaji ni wachache. Tupatiwe fimbo na mipira iliyotumika, hasa fimbo fupi za watoto. Na mwalimu wetu wa michezo agharamiwe mafunzo ya ukocha wa gofu, maana hadi sasa anajifunza pamoja nasi.

Kabla fainali haijaanza, chuma namba 7 kipo hapa mezani na kopo la kwanza liko karibu na bendera ya kona. Tunakuomba upige mpira wa ufunguzi. Mfuko atakubebea mwenzetu wa kidato cha kwanza.

Naomba kuwasilisha.